Askari Akiwa Ng'ambo, Nyumba Yake Iko Hali Gani?

Katika safu za afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, maji safi na chakula cha watoto. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo halionekani kwa darubini, wala halipimwi kwa damu, lakini huwafanya watu wakonde, wakose usingizi na hata waachane. Jambo lenyewe ni maisha ya jamaa ambayo baba yake, au mama yake, ni askari aliyepelekwa kazini nchi ya nje.

Katika mikoa yetu ya Shinyanga na Geita mtu kukaa mbali na nyumba yake si jambo geni. Wako waliokwenda Mwadui kwenye almasi tangu miaka ya 1940. Wako waliokwenda Geita, Nyarugusu na Kakola kwenye dhahabu, na wengine wako huko hata sasa. Kwa hiyo mke wa askari akilia, jirani yake huuliza: "Unalalamika nini wewe? Mbona sisi waume zetu wako kwenye maduara mwezi mzima?"

Swali hilo linastahili jibu. Mchimbaji akisikia kwamba mtoto anaumwa, hupanda basi au pikipiki, na kesho yake yuko nyumbani. Mvua zikianza anaweza kuacha duara akaja kulima. Duara likikosa dhahabu hurudi hata kama mfukoni hana kitu. Askari aliyeko ng'ambo hana ruhusa hiyo. Siku ya kuondoka hakuichagua yeye, na siku ya kurudi haichagui pia. Hapo ndipo tofauti ilipo, na shida nyingi za nyumba yake huanzia hapo.

WALIKOKWENDA WATU WETU

Jambo hili halikuanza leo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vijana wa Tanganyika kwa makumi ya maelfu waliingia jeshini, wengi wao katika jeshi la Keya. Walipigana Uhabeshi, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 wakawa katika misitu ya Burma wakipambana na Wajapani. Japani ilisalimu amri mwezi Agosti 1945. Lakini vita kwisha ni jambo moja na askari kufika nyumbani ni jambo jingine. Wengi walikaa wakingoja meli hadi mwaka 1946.

Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, vijana wetu na mgambo waliondoka tena. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na ngoma zikachezwa vijijini. Hata hivyo sehemu ya askari wa Tanzania ilibaki Uganda hadi mwaka 1981. Hebu fikiri juu ya mama aliyesikia redioni kwamba ushindi umepatikana, akafagia uwanja, akaweka kuku tayari, kisha msimu mmoja wa pamba ukapita, na wa pili nao ukapita.

Siku hizi askari wa Jeshi la Wananchi hupelekwa zaidi kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa. Wamekwenda Lebanoni, Darfur katika Sudani, mashariki ya Kongo, na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kwa kawaida kikosi hukaa muda wa mwaka mmoja hivi, ndipo kingine kikapokea. Na watu wasidhani kwamba kulinda amani ni kukaa kivulini. Tarehe 13 Julai 2013 askari wetu 7 waliuawa Darfur katika shambulio la kuvizia. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, Kongo, ilishambuliwa usiku na askari 14 wakauawa siku hiyo. Mke wa askari anapokosa usingizi, si kwamba ana moyo mwepesi. Ana sababu.

Wataalamu wa nchi nyingine wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2010 walichapisha Marekani uchunguzi juu ya wake zaidi ya 250,000 wa askari wa nchi kavu. Waliona kwamba wale ambao waume zao walipelekwa Iraki na Afuganistani walitibiwa zaidi kwa huzuni nzito, wasiwasi na kukosa usingizi kuliko wale ambao waume zao walibaki, na safari ilipokuwa ndefu shida nazo zilizidi. Waingereza nao, mwaka 2007, walieleza jambo linalotuhusu sana. Askari aliyekaa vitani muda mrefu kuliko alivyoambiwa alikuwa na matatizo zaidi ya akili kuliko yule ambaye muda wake ulikwenda kama ulivyopangwa. Mtu anaweza kubeba mzigo wa mwaka mzima akijua ni mwaka. Ukimwambia miezi sita, kisha ukaongeza mwezi, ukaongeza mwingine, mgongo hukatika.

Funzo lake kwa nyumba zetu ni rahisi. Askari asimwahidi mkewe wala watoto tarehe ambayo yeye mwenyewe hana uwezo nayo. Aseme: "Tunatazamia kurudi baada ya mavuno, lakini huenda muda ukaongezwa." Mtoto anayehesabu siku kwa mistari ya mkaa ukutani asihesabu tarehe ya uongo.

BARUA NA SIMU

Zamani za Keya mume aliyekuwa Burma, kama hakujua kuandika, alimwomba mwenzake amwandikie. Barua ilipofika kijijini, mke naye alimtafuta karani, mwalimu au katekista amsomee. Kwa hiyo maneno ya mume na mke yalipita katika vinywa viwili vya watu wengine kabla ya kufika. Nani angeandika la moyoni namna hiyo? Waliandika salamu, ng'ombe na mvua, basi.

Kisomo kilibadili jambo hili, na sisi tunaoandika magazeti ya namna hii hatuchoki kulisema. Mwaka 1967 theluthi mbili hivi ya watu wazima wa Tanzania walikuwa hawajui kusoma. Kuanzia mwaka 1968 mikoa ya Ziwa ndiyo iliyojaribu kwanza, kwa msaada wa UNESCO, mpango wa kisomo chenye manufaa, na Shinyanga ilikuwamo. Mama aliyekaa darasani chini ya mwembe kujifunza juu ya pamba, huenda hakujua kwamba vita ya Kagera ingempa kazi nyingine ya kusoma: kufungua barua ya mumewe peke yake, mlango umefungwa.

Leo kuna simu. Watu husema simu imemaliza taabu ya kuwa mbali. Imepunguza, ni kweli, lakini imeleta taabu yake. Barua ya taabu ilifika baada ya wiki sita, wakati ndama aliyekuwa mgonjwa amekwisha kufa au kupona. Simu hufika wakati ndama anahema. Askari ameshika lindo usiku katika nchi ya watu, na sikioni anaambiwa kwamba mtoto ana homa, mdogo wake amegombana na mkewe juu ya shamba, na paa limeng'olewa na upepo. Hawezi kufanya lolote. Asubuhi yake macho ni mekundu na akili haiko kazini, na kazi yenyewe ni ya bunduki.

Hatusemi afichwe. Aliyefichwa jambo akalisikia baadaye kwa mtu mwingine hatamwamini tena aliyemficha, na tangu hapo kila akiambiwa "hatujambo" atauliza ni nini kinachofichwa. Tunasema aambiwe pamoja na lililofanyika. "Mtoto alipata homa jana, nikampeleka zahanati, amepimwa, ana malaria, amepewa dawa, leo amekunywa uji." Habari ya namna hiyo huumiza kidogo, kisha hutuliza. Yafaa pia kupatana siku na saa ya kuzungumza, mara moja au mbili kwa wiki, ili kila mmoja awe na maneno tayari na ili kila siku isiyo na simu isiwe siku ya hofu.

Tena ikumbukwe kwamba kimya si msiba. Kambi inaweza kukosa mawimbi ya simu, au askari wakazuiwa kutumia simu kwa sababu ya usalama. Msiba ukitokea, taarifa ya kweli huletwa na jeshi lenyewe. Picha inayozunguka katika simu za vijana kijiweni, isiyojulikana ilipigwa wapi wala mwaka gani, si taarifa. Imeshawazimisha akina mama wengi bure.

PESA

Hapa tutapita upesi, ingawa hapa ndipo pana kelele nyingi. Watu wamesikia kwamba Umoja wa Mataifa hulipa zaidi ya dola 1,400 kwa kila askari kwa mwezi, wakaanza kumhesabia jirani yao. Fedha hizo hulipwa Serikali ya nchi iliyotoa kikosi. Serikali ndiyo inayomlipa askari, kwa cheo chake na kwa taratibu zake. Basi shemeji anayedhani kwamba kaka yake ameficha mamilioni, ahesabu upya.

Ugomvi mkubwa ni juu ya nani anayepokea. Mwana akituma kwa mama yake, mke huona ametupwa. Akituma kwa mke, mama huona mwanawe ametekwa. Akituma kwa mdogo wake, mara nyingi wote wawili hulala njaa. Dawa ni kupatana kabla ya safari, mama mkwe na mkwe wake wakiwa wamekaa pamoja na mwana akisema mbele yao: hiki ni cha chakula na shule, hiki ni cha mama, hiki kisiguswe. Kisha liwe daftari moja nyumbani, la kilichoingia na kilichotoka. Kazi ya daftari hilo tutaiona hivi punde.

SIKU YA KURUDI NA SIKU ZINAZOFUATA

Watu wengi hujiandaa kwa kuondoka. Ndugu hukusanyika, maombi hufanywa, begi hufungwa, michembe hutiwa ndani ili mtu asisahau kwao. Kwa kurudi hakuna anayejiandaa, ila kwa karamu. Lakini ukiwauliza waliopita njia hii, wengi watakuambia kwamba mwezi uliowashinda haukuwa wa kwanza wa safari, bali wa kwanza wa kurudi. Mtu ametoka kwenye risasi salama, kisha nyumba ikavunjika akiwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Kwa nini?

Mwaka mmoja si mdogo. Tuseme askari aliondoka Novemba, wakati wa kupanda. Mkewe akabaki na maamuzi yote: shamba lipi liwe la pamba na lipi la mahindi, ng'ombe yupi auzwe ili paa liezekwe, mtoto yupi apelekwe kwa shangazi yake Kahama kusoma. Mwanzoni aliogopa. Baada ya miezi mitatu alizoea. Baada ya miezi sita ikawa ndiyo kazi yake, na anaijua. Kijana mkubwa amekuwa na neno katika mambo ya mifugo. Jirani akija na shauri, humwuliza mama. Watu watasema kwamba huyo mwanamke amepata kiburi. Sivyo. Ni nyumba iliyojipanga upya ili isianguke.

Askari naye amejipanga upya. Mwaka mzima ameamka kwa filimbi, amekula kwa saa, amepokea amri na kutoa amri, na usiku amelala sikio moja likiwa wazi. Kichwani amebeba picha ya nyumba aliyoiacha, na nyumba hiyo haipo tena, kwa maana mtoto aliyekuwa akitambaa sasa anakimbia.

Wiki ya kwanza ni sherehe. Kuku huchinjwa, ndugu hujaa uwanjani, zawadi hugawanywa. Wiki ya tatu maneno huanza. "Nani alikuruhusu kumuuza yule ng'ombe mwekundu?" Mke hujibu: "Ungekuwapo ungeniruhusu." Majibu yote mawili ni ya kweli, na yote mawili yanauma. Kijana aliyeamuru mifugo mwaka mzima anaambiwa akae kimya. Mama anaona kazi yake yote imehesabiwa kuwa makosa. Baba anaona nyumbani kwake amekuwa mgeni. Wengine wakifika hapo huona heri kutoka jioni kwenda kilabuni, au kuchukua pesa zilizobaki na kwenda kuzijaribu kwenye miji ya machimbo, kwamba "nanunua duara". Wako waliopata. Waliotupa mshahara wa mwaka mzima shimoni ni wengi zaidi.

Askari wenyewe wanayo dawa ya jambo hili, ila huiacha kambini. Zamu zinapobadilishwa, anayeingia lindoni hafiki na kuanza kupiga amri. Hupokea kwanza taarifa kutoka kwa aliyekuwa lindoni: nini kimetokea, nini kimebadilika, nini kinangojewa. Nyumba nayo ina lindo, na mke ndiye aliyekuwa zamu. Basi katika juma la kwanza, wageni wakiisha kuondoka, mume na mke wakae na lile daftari. Mke aeleze: ng'ombe aliuzwa mwezi huu kwa bei hii kwa sababu hii. Mume asikilize mpaka mwisho kabla ya kusema neno. Asibadili jambo kubwa katika mwezi wa kwanza, wala asinunue kitu kikubwa. Achukue kazi moja, kisha nyingine: mifugo kwanza, kwa mfano, huku akimshukuru kijana aliyeichunga mbele ya watu. Mke naye asishike funguo zote kwa hasira, kana kwamba mume ni mkaguzi aliyetoka wilayani.

Siku hizi wako pia wanawake askari wanaokwenda kulinda amani. Nyumbani hubaki baba, naye hujifunza kupika uji na kumpeleka mtoto kliniki huku wenzake wakimcheka. Wakimaliza kucheka, wamwulize mtoto ana uzito gani. Mama huyo akirudi, naye atamkuta mtu mwingine ana zamu, na taarifa ni ile ile.

WATOTO

Mtoto wa miaka miwili akimkimbia baba yake aliyerudi na kujificha nyuma ya kanga ya mama, asilazimishwe. Hamkatai baba, hamjui. Baba akae karibu, amwimbie, ashike kijiti na kuchora naye ardhini, na baada ya siku kadhaa mtoto atakuja mwenyewe. Mtoto mkubwa kidogo aliyeacha kukojoa kitandani anaweza kuanza tena baba akiondoka, au akirudi. Asichapwe. Ni wasiwasi, na huisha.

Kosa moja tunaliona mara nyingi. Mwaka mzima mama, akiwa amechoka, humtisha mtoto mtundu: "Ngoja baba yako arudi, utaona." Mtoto hungoja baba kama anavyongoja sindano. Baba anashuka kwenye gari mikono wazi, na mtoto anatetemeka.

NDOTO ZA USIKU

Askari aliyeona wenzake wakianguka, au aliyezika watoto wa nchi nyingine waliokatwa kwa mapanga, harudi na kichwa kitupu. Katika wiki za mwanzo anaweza kushtuka mlango ukigongwa kwa nguvu, kuota ndoto mbaya, kuamka akitokwa na jasho, kukaa mbali na mkusanyiko, kukasirika kwa jambo dogo. Kwa watu wengi hali hiyo hupungua yenyewe wakipata usingizi, chakula, kazi ya mikono na mtu wa kuzungumza naye. Mke asimlazimishe kusimulia. Amwambie tu kwamba yupo.

Ikiwa mwezi umepita na hali haipungui, au anakunywa pombe ili alale, au anampiga mkewe au watoto, au anasema afadhali angekufa na wenzake, huo ni ugonjwa, nao una matibabu. Haukuletwa na mchawi wala na jirani mwenye macho mekundu. Katika nchi yetu hii ya Usukuma vikongwe wamekwisha kuuawa kwa mawazo ya namna hiyo. Kupiga watu wa nyumbani pia hakusamehewi kwa sababu ya ugonjwa: mke na watoto wahame kwanza mahali penye usalama, na matibabu yaanze. Aende kituo cha afya au hospitali ya wilaya, aeleze kwamba ametoka kazini ng'ambo na ameona nini. Akihitaji zaidi atapelekwa Bugando, Mwanza, au hospitali ya jeshi kama Lugalo. Mtu anayetaja kujiua asiachwe peke yake hata saa moja, na bunduki, kamba na dawa za kunyunyizia pamba zisiwe karibu naye.

Mke aliyebaki naye huweza kuugua huzuni ya namna hiyo: kukosa hamu ya chakula, kulia ovyo, kuamka saa tisa usiku na asilale tena, kuona shamba limekuwa mlima. Zikipita wiki mbili hivyo kila siku, asingoje mume arudi ndipo atibiwe.

KABLA YA KULALA PAMOJA

Tuseme wazi, maana sisi ni watu wazima. Mwaka ni mrefu kwa aliyeondoka na kwa aliyebaki. Mwaka 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lenyewe lilijadili UKIMWI na walinzi wa amani. Katika mikoa yetu, ambako miji ya machimbo hukusanya watu wenye pesa za ghafla, hakuna kijiji kinachoweza kusema hatari iko Kongo tu. Mume na mke waende kupimwa VVU pamoja, siku moja, bila kuulizana "ulifanya nini". Kupimwa ni bure. Maambukizo ya karibuni yanaweza kutoonekana mara ya kwanza, kwa hiyo watumie kondomu na warudie kipimo kama mhudumu atakavyowaeleza. Atakayekutwa na VVU hupewa dawa bure, na akizitumia vizuri huishi na kufanya kazi. Safari hiyo hiyo ya kliniki iwe pia ya uzazi wa mpango, kama hawakukusudia mtoto mwingine mwaka huu.

Kisha kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mtu aliyekulia Geita ameumwa na mbu tangu utotoni, na mwili wake umejenga kinga kiasi fulani dhidi ya malaria. Akikaa mwaka mzima Lebanoni, ambako malaria haipo, kinga hiyo hupungua. Akirudi, malaria ambayo zamani ilimlaza siku mbili inaweza kumlaza vibaya kama mgeni. Alale ndani ya chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza, hata kama anajiona mwenyeji, na akisikia homa aende zahanati siku ile ile apimwe damu, na amweleze mganga ametoka nchi gani na lini.